Makazi ya Kudumu: Wajibu wa Serikali za Mitaa na Wajibu wa Vyama Vyetu

(Mazungumzo kwa makatibu na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Mlowo, Wilaya ya Mbozi)

Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya makazi. Huenda baadhi yenu mkajiuliza makazi yana uhusiano gani na ushirika wa mazao. Sisi kazi yetu ni kupima kahawa, kuandika stakabadhi, kugawa pembejeo na kuwalipa wakulima. Habari ya nyumba ni ya mtu na jamaa zake, na ikizidi ni ya Serikali. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwa nini fikra hiyo haitoshi, na kuonyesha kazi ambayo katibu wa chama anaweza kuifanya kwa kalamu ileile na daftari lilelile alilo nalo sasa.

Nani asiye na makazi?

Tukitaja mtu asiye na makazi, wengi wetu humfikiria mtu alalaye barazani mwa duka katika mji mkubwa. Watu hao wapo, na hali yao ni ya kusikitisha. Lakini katika wilaya ya wakulima kama hii yetu, kukosa makazi kuna sura nyingine ambazo mpita njia hazioni.

Wa kwanza ni mjane. Tuchukue mfano. Mwanachama amefariki. Shamba la kahawa alilitunza pamoja na mkewe miaka ishirini, na nyumba waliijenga pamoja, yeye akifyatua matofali, mke akiteka maji na kuwapikia mafundi. Baada ya matanga ndugu wa marehemu wanakaa kikao na kutamka kwamba shamba na nyumba ni mali ya ukoo. Mama anaambiwa achague: arudi kwao, au akubali kukaa kwa hisani. Siku hiyo mama huyo amekosa makazi, ingawa usiku ule bado amelala chini ya bati lilelile.

Wa pili ni mpangaji. Katika miji yetu midogo mpangaji hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, mara nyingi bila mkataba wa maandishi. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ngao kuu ya mpangaji ni mkataba wake, na asiye na mkataba hana ngao.

Wa tatu ni kibarua wa msimu, ajaye wakati wa kuchuma kahawa na kulala popote atakapopata nafasi. Wa nne ni mkulima aliyekopa fedha kwa mtu binafsi wakati wa njaa, akaweka nyumba yake dhamana kwa karatasi aliyoitia kidole gumba bila kusomewa. Wa tano ni mzee asiye na mtoto wa kumtazama, ambaye paa lake limeanguka na nguvu za kuezeka upya hana.

Ndugu zangu, tazameni jambo moja linalowaunganisha wanne wa mwanzo. Hakuna hata mmoja aliyekosa makazi kwa sababu Mbozi haina udongo wa tofali, wala kwa sababu hatuna mafundi. Wamekosa kwa sababu haki yao haikuandikwa mahali popote, au iliandikwa na mtu mwingine kwa faida yake. Wafanyabiashara wa zamani walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wanaushirika tumeliamini neno hilo kwa gunia la kahawa. Yatupasa sasa tuliamini kwa nyumba.

Tulikotoka

Yafaa tukumbuke njia ambayo nchi yetu imepita, ili tusirudie majaribio ambayo matokeo yake yanajulikana.

Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Katika miaka ya kwanza ya Uhuru, njia iliyotumika mijini ilikuwa kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya mahali pake. Nia ilikuwa njema, lakini watu walikuja mjini kwa kasi kuliko nyumba zilivyojengwa, na aliyebomolewa alijenga kibanda kingine mbele kidogo. Mwaka 1972 Serikali ikaamua kuacha njia hiyo na kuyatambua makazi yaliyokwisha kujengwa, ikayapelekea barabara, maji na huduma nyingine. Kuanzia mwaka 1974 mradi wa viwanja na huduma, uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ulianza katika miji mitatu: Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Hapo Mbeya, jirani zetu wa Mwanjelwa walikuwa miongoni mwa walioboreshewa makazi bila ya kuhamishwa.

Wakati huohuo, mwaka 1973, Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi, na baadaye kidogo ukaundwa mfuko wa nyumba kwa ajili ya wafanyakazi na wakulima. Mkulima wa kijijini akapata kufikiriwa kuwa mtu anayeweza kukopeshwa bati na saruji. Benki hiyo ilifungwa mwaka 1995, na moja ya sababu zilizoidhoofisha ni mikopo isiyorudishwa.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, kubomoa hakuondoi ukosefu wa makazi, bali huuhamisha. Pili, kiwanja peke yake hakimtoshi maskini. Katika Dar es Salaam viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye uwezo, kwa kuwa mnyonge alipewa kiwanja asichoweza kukijenga kwa muda uliowekwa. Tatu, mkopo wa nyumba usiporudishwa humnyima nyumba mtu wa nyuma katika foleni.

Mbozi na hati za hakimiliki ya kimila

Huku vijijini historia ilikwenda njia nyingine. Katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, jamaa nyingi ziliacha mahame yao na kupewa viwanja na mashamba mapya, pengine juu ya ardhi iliyokuwa ya wengine, bila karatasi. Miaka ilipopita, waliohamishwa na waliopokonywa wakaanza kudaiana. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, wala haiwezi kufutwa bila fidia. Kisha zikatungwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001.

Ndugu wanachama, nataka tujivunie jambo hili kwa kiasi. Wilaya iliyochaguliwa kuwa ya kwanza kuijaribu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ilikuwa hii yetu ya Mbozi, na kijiji cha Halungu kilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Hapa ndipo mipaka ya vijiji ilipopimwa, masjala za ardhi zikaanzishwa, na wakulima wakaanza kupewa hati za hakimiliki ya kimila.

Sheria hiyo ina mambo ambayo kila katibu anapaswa kuyajua kama ajuavyo kipimo cha mizani yake. Kijiji kwanza hupata cheti cha ardhi ya kijiji. Mwanakijiji huomba hati kwa Halmashauri ya Kijiji, nayo yapaswa kutoa uamuzi katika siku 90. Ombi la mwanamke halitatazamwa kwa jicho la chini kuliko ombi la mwanamume. Mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki ardhi ni batili. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao wawe wanawake. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu, ikikaa Mwanza, iliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo anaweza kuiuza kama awezavyo mwanamume.

Kama sheria ni njema hivi, mbona mjane wa mfano wetu bado anafukuzwa? Ni kwa sababu sheria haitembei yenyewe. Humsubiri mtu aombe, mwingine aandike, mwingine ashuhudie. Pale ambapo hati ina jina la mume peke yake, au ambapo ombi halikupelekwa kabisa, sheria imekaa ofisini na kikao cha ukoo kimekaa uani.

Mji unapokua

Mlowo yetu inakua. Tuko juu ya barabara kuu iendayo Zambia, reli ya TAZARA inapita hapa, na njia ya Kamsamba inaanzia hapa, ikituletea mazao ya bondeni. Mkoa wa Songwe ulipoundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na makao makuu yake kuwekwa Vwawa, jirani zetu, shamba lililokuwa la mahindi likawa ghafula kiwanja.

Ukuaji huu ni neema, na una hatari yake. Ardhi ya kijiji ikishatangazwa kuwa eneo la mipango miji, utaratibu hubadilika: kumilikisha huacha kuwa kazi ya Halmashauri ya Kijiji, kukawa chini ya mamlaka ya upangaji na ya Kamishna wa Ardhi. Mwenye karatasi huingia katika utaratibu mpya akiwa na la kuonyesha. Asiye nayo huanza kwa kujieleza. Sheria inasema anayeondolewa katika ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini fidia hulipwa kwa anayetambulika, na mpangaji mara nyingi hapati kitu.

Mfano wa Dar es Salaam watufaa. Mwishoni mwa miaka ya 2000, eneo la Kurasini lilipotwaliwa kwa ajili ya upanuzi wa bandari, wenye nyumba walifidiwa na wapangaji wakaambiwa waondoke. Baadhi ya wakazi waliokuwa katika vikundi vya kuweka akiba, wenye nyumba na wapangaji pamoja, walinunua eka 30 huko Chamazi, wakaunda chama cha ushirika cha nyumba na kuanza kujenga kidogo kidogo. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na daftari la akiba na desturi ya kukutana.

Kazi ya Halmashauri

Ushirika na serikali za mitaa ni ndugu waliopatwa na hatima moja. Halmashauri za wilaya ziliondolewa mwaka 1972, vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976, na vyote vikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Wote wawili twajua maana ya kuondolewa mahali pako kwa amri. Kwa hiyo tunayo haki ya kuziomba Halmashauri zetu mambo manne, kwa heshima na bila kuchoka.

Kwanza, zipange kabla ya watu kujenga, na katika kupanga zitenge viwanja vidogo kwa bei ambayo mchuma kahawa anaweza kuilipa kwa misimu miwili au mitatu. Tukipima viwanja vikubwa tu, tumewapimia watu wasiokuwapo hapa.

Pili, pale ambapo watu wamekwisha kujenga, urasimishaji uwe njia ya kwanza na kubomoa kuwe njia ya mwisho. Njia ya maji na ya gari la wagonjwa hupatikana kwa majirani kukubaliana kuachiana hatua mbili tatu, nasi tuwe wa kwanza kukubali.

Tatu, ofisi za vijiji na vitongoji ziwe na nakala za mkataba wa pango wa Kiswahili rahisi, unaotaja kodi, muda, na notisi ya kuondoka, nao ushuhudiwe hapohapo. Hili halihitaji bajeti kubwa.

Nne, Afisa Ustawi wa Jamii akutane na vyama vyetu walau mara moja kila msimu. Mikutano ya vijiji imekwisha kuzoea kuzitambua kaya maskini tangu mpango wa TASAF wa kuzinusuru kaya hizo ulipoanza mwaka 2012. Orodha hiyo itumike pia kujua mzee gani hana paa. Nchi ya Ufini, tangu mwaka 2008, ilifuata kanuni ya kumpa mtu nyumba kwanza, kisha kumsaidia katika ulevi, ugonjwa au ukosefu wa kazi, na idadi ya wasio na makazi ikapungua. Sisi hatuna fedha za Ufini, lakini kanuni haina bei. Mzee aliyenyeshewa usiku hawezi kusikiliza ushauri mchana.

Kazi ya chama

Sasa nije kwetu wenyewe. Tangu msimu wa mwaka 2018 kahawa ya wakulima wadogo inapitia katika vyama vya msingi. Maana yake ni kwamba katibu anaijua karibu kila nyumba yenye mibuni. Nashauri mambo matano.

La kwanza, daftari la wanachama. Mwanachama hutaja mtu wa kupokea hisa zake akifariki. Mwelezeni wazi kwamba jina hilo ni la hisa na malipo ya chama tu, halihusu nyumba wala shamba. Kisha mwulizeni maswali mawili: Je, ardhi yako ina hati? Je, jina la mwenzi wako limo? Majibu yaandikwe. Katibu si hakimu wala halazimishi, lakini swali likiulizwa mbele ya mizani kila msimu, mwisho litapata jibu.

La pili, maombi ya pamoja. Mtu mmoja kwenda kuomba hati ni gharama na usumbufu. Wanachama arobaini wa kitongoji kimoja wakiomba kwa pamoja, Halmashauri ya Kijiji hukaa mara moja, na mpimaji huja safari moja. Chama kinaweza kukata kidogo kidogo kutoka malipo ya mwanachama aliyekubali kwa maandishi, kikalipia ada yake.

La tatu, wosia na mirathi. Tuwahimize wanachama waandike wosia mbele ya mashahidi, na wajane wajue kwamba mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, wala si katika kikao cha ukoo peke yake. Sheria ya mwaka 2017 inatambua watoaji wa msaada wa kisheria usio na malipo. Anwani za walio karibu zibandikwe ukutani, kando ya bei ya kahawa.

La nne, mkopo wa njaa. Mkulima huiweka nyumba rehani kwa sababu Februari hana chakula na kahawa iko mbali. Chama cha akiba na mikopo chenye nguvu ni ulinzi wa nyumba kuliko mahakama. Na anayekopa, arudishe. Tumekwisha kuona yaliyoipata Benki ya Nyumba.

La tano, ushirika wa nyumba. Wapangaji wa Mlowo, madereva wa bodaboda, wauza mazao na vijana waliokosa shamba wanaweza kuunda chama chao. Nchi ya Uruguay, huko Amerika ya Kusini, ilitunga sheria ya nyumba mwaka 1968 iliyowawezesha wanachama kujenga kwa ujima, kila jamaa ikitoa saa zake za kazi. Katika vyama vingi vya namna hiyo nyumba hubaki mali ya chama, na mwanachama hupewa haki ya kuishi na kurithisha, hivyo deni la mtu mmoja haliwezi kuiuza nyumba. Kenya nao waliunda chama chao cha kitaifa cha ushirika wa nyumba mwaka 1979. Hapa kwetu, vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuomba mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Halmashauri, wakanunua mashine ya kufyatua tofali za kufungamana, ambazo hazihitaji kuni za kuchomea.

Hata hivyo naweka onyo. Chama cha nyumba kiwe chama kingine, chenye hesabu zake na kilichosajiliwa kwa Mrajis. Fedha ya kahawa ya mwanachama isitumike kununulia kiwanja cha mtu mwingine, hata kwa wiki moja. Ushirika wetu umewahi kujeruhiwa na michanganyiko ya namna hiyo, na makovu bado yanaonekana.

Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, sikusema kwamba chama cha kahawa kiwajengee watu nyumba. Nimesema kwamba watu wengi wa huku wanazo nyumba, au wangeweza kuzipata, ila haki yao inaning'inia kwa neno la mdomo. Kuliandika neno hilo ni kazi ndogo, na katibu wa chama ameizoea. Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kuna nyumba Mlowo zenye bati jipya na milango iliyopakwa rangi, lakini ukiingia ndani utamkuta mama asiyejua kama mwakani atakuwa hapo.

Ombi langu ni moja. Kabla ya mizani kufunguliwa msimu ujao, kila katibu alete katika Chama Kikuu karatasi moja yenye mambo matatu: wanachama wangapi wana hati, hati ngapi zina majina ya wote wawili, na wajane wangapi wa wanachama waliofariki bado wako katika nyumba zao. Tukiziweka karatasi hizo pamoja, tutakwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri tukiwa na hesabu, nasi tutajua wenyewe pa kuanzia.